Skrubu haishiki? Usiuze kabati lako kwa bei ya kuni

Na Mwandishi Wetu

UKISIMAMA asubuhi kwenye mpaka wa Rusumo, hukosi kuliona lori lililofunikwa turubai, ndani yake magodoro, sufuria na baiskeli, na katikati ya hayo yote mbao pana za rangi ya kahawia zilizofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Hilo ni kabati la mtu. Lilipokuwa Kahama au Dar es Salaam lilisimama na milango yake mitatu, kioo na droo. Hapa mpakani ni mbao tu, na skrubu zake zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga, miguuni pa mwenyewe.

Safari yenyewe si fupi. Kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ni karibu kilomita 1,300, kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi. Mtu akishavuka daraja la mto Kagera na kumaliza mambo ya forodha, hushusha pumzi akidhani taabu imekwisha. Kumbe kwa mwenye kabati la chipubodi, taabu inamsubiri nyumbani, siku atakapoanza kuliunganisha upya. Anaingiza skrubu kwenye tundu lake la zamani, anazungusha bisibisi, na skrubu inazunguka tu bila kukaza, kama kijiko kwenye uji.

Jirani yangu mmoja, mama aliyerudi nyumbani baada ya kuishi miaka mingi Kahama, yalimkuta hayo. Kabati lake ndilo lililokuwa stoo ya biashara: humo alihifadhi vitenge vya kuuza, mbali na panya na vumbi. Alipolisimamisha, mlango wa kati ulishika siku mbili. Siku ya tatu uling'oka pamoja na bawaba na kipande cha ubao, ukamkosa kidogo mjukuu wake aliyekuwa akicheza pale chini. Akaja mnunuzi, akalizunguka kabati mara mbili, akataja bei isiyofika hata ya magunia mawili ya mkaa. Mama alikuwa karibu kukubali.

Hakuliuza. Kabati lile limesimama hadi leo na vitenge vimo ndani. Lililohitajika ni chupa ya gundi, vipande vichache vya mbao ngumu na jioni mbili za subira. Kwa kuwa wengi wanaorudi nyumbani, na wengi wanaouza samani mipakani, hukutana na tatizo hili hili, tumeona tulieleze hatua kwa hatua.

Chipubodi si ubao

Kosa la kwanza ni kuifanyia chipubodi yale tunayoufanyia mninga au mvule. Chipubodi ni vipande vidogo vya mbao na maranda, vikachanganywa na gundi ya kiwandani, vikashindiliwa kwa mashine yenye moto mpaka vikawa bapa moja. Utaalamu huu ulianza kushika kasi Ujerumani katika miaka ya 1940, wakati mbao nzuri zilipokuwa adimu. Katika eneo letu zimetengenezwa na viwanda kama Tembo Chipboards cha Mkumbara, mkoani Tanga, na Raiply cha Eldoret, Kenya. Lakini samani nyingi tunazoziona madukani hufika zikiwa tayari kutoka Uchina, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Ukiikata chipubodi utaona ina matabaka. Nje, pande zote mbili, ni unga laini ulioshikamana sana. Katikati ni vipande vikubwa zaidi vyenye nafasi kati yake. Ndiyo maana skrubu iliyoingia usoni mwa ubao hushika vizuri kuliko ile iliyoingia ukingoni, kwa kuwa ukingoni inapita kwenye lile tabaka legevu la katikati.

Kwenye ubao wa mti, nyuzi za mti huibana skrubu. Ukiitoa na kuirudisha, nyuzi bado zipo. Kwenye chipubodi hakuna nyuzi ndefu. Meno ya skrubu hujichimbia njia kati ya vipande, na kila unapoitoa na kuirudisha, vipande vingine huvunjika na kuwa vumbi. Mara ya kwanza hushika sana, mara ya pili hushika kiasi, na mara ya nne au ya tano tundu huwa limejaa unga mtupu.

Samani hizi zilibuniwa zisafiri zikiwa vipande vipande mara moja tu, kutoka kiwandani hadi nyumbani kwa mnunuzi, kisha zikae. Sisi watu wa mipakani tumehama mara nyingi kuliko samani zetu zilivyokadiriwa. Kwa hiyo tundu likilegea, usimlaumu tu fundi wala aliyekuuzia. Jua kwamba umeidai chipubodi kazi isiyoumbiwa, na kwamba inaweza kusaidiwa.

Kwanza tafuta kinachovuta

Kabla hujashika gundi, jiulize kwa nini tundu lile ndilo lililolegea na si jingine. Skrubu haing'oki yenyewe. Kuna kitu kinachoivuta.

Sukuma kabati kwa mkono, pole pole, kutoka ubavuni. Likiyumba, umemwona adui. Makabati mengi hutegemea lile bapa jembamba la nyuma kuyashikilia yasiende upande. Bapa hilo ndilo watu huliacha njiani kwa sababu limevunjika, au hulirudisha kwa misumari mitatu tu. Bila hilo, kila unapofungua mlango kabati zima huyumba, na kila kuyumba hutafuna matundu. Kabati la jirani yetu halikuwa na bapa la nyuma kabisa. Ungeziba matundu yote kwa gundi bora ya dunia nzima, baada ya mwezi yangefunguka tena.

Jambo la pili ni sakafu. Nyumba nyingi mpya za watu waliorudi zina sakafu ya saruji isiyo sawa. Mguu mmoja wa kabati ukining'inia, milango haikutani na bawaba hubeba mzigo usio wake. Chonga kabari za mbao, ziweke chini ya mguu huo mpaka milango ikutane yenyewe.

Jambo la tatu ni maji. Tazama kingo za chini. Zikiwa zimevimba kama mkate uliolowa, sehemu hiyo imekufa. Chipubodi iliyovimba hairudi hali yake hata ikikauka, na tundu lililo ndani yake halitibiki kwa gundi. Sehemu hiyo hukatwa na kuwekewa ubao mwingine, au skrubu huhamishiwa mahali pakavu.

Tundu lililolegea kidogo

Ikiwa skrubu inazunguka lakini ubao wenyewe haujabomoka, dawa ni rahisi. Utahitaji gundi nyeupe ya mbao, ile watumiayo mafundi seremala, na vijiti vya mishikaki, vijiti vya meno au njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa.

Toa skrubu. Safisha tundu kwa kupuliza au kwa kijiti, vumbi lote litoke, kwa maana gundi ikishika vumbi haishiki ubao. Tia gundi ndani ya tundu, si juu yake. Kisha shindilia vijiti vilivyopakwa gundi, kimoja baada ya kingine, mpaka kisiingie kingine. Futa gundi iliyofurika kwa kitambaa chenye unyevu.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: subiri. Gundi nyeupe inataka saa 24, na wakati wa mvua hata zaidi. Anayerudisha skrubu baada ya saa moja huzungusha gundi mbichi na kubomoa kazi yake mwenyewe. Ikishakauka, kata vijiti sawa na uso wa ubao kwa kisu, toboa katikati tundu dogo, kisha rudisha skrubu kwa mkono. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 2.5 hadi 3 linatosha.

Tundu lililomomonyoka: tia kigingi

Ikiwa tundu limekuwa pana na unga unadondoka, vijiti havitoshi. Hapo mafundi hutumia kigingi cha mbao ngumu, yaani kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita 8 au 10. Fundi seremala anaweza kukuchongea kwa dakika chache, na mabaki ya mninga yanafaa sana. Ukiwa Kigali, Agakiriro ka Gisozi, penye karakana nyingi za samani, vipande vya namna hiyo havikosekani.

Panua tundu kwa keekee mpaka likubali kigingi bila kulazimisha. Angalia kina! Mbao za makabati huwa na unene wa milimita 15 hadi 18 tu. Ukitoboa usoni, usizidi milimita 12, la sivyo utatokea upande wa pili. Funga utepe kwenye biti ya keekee kwa kipimo hicho, ukiugusa ubao simama.

Tia gundi kwenye kuta za tundu na kwenye kigingi, kigonge taratibu kiingie, acha kikauke usiku na mchana, kikate sawa na ubao, halafu toboa tundu dogo la skrubu katikati yake. Sasa skrubu itashika mti wa kweli, si unga.

Kwenye ukingo kuna hatari moja. Ubao wa milimita 16 ukitiwa kigingi cha milimita 8, unabaki na milimita 4 tu kila upande. Ukipiga nyundo kwa nguvu, ubao hupasuka kama ganda la karanga. Kabla ya kugonga, ubane ukingo huo kati ya vipande viwili vya mbao kwa jiriwa, au uvifunge kwa kamba iliyokazwa, na uache hivyo mpaka gundi ikauke.

Kama kuta za tundu ni legevu mno, mafundi wengine hudondoshea kwanza matone ya gundi nyepesi ya papo hapo, ile ya kichupa kidogo, ili iuingie ubao na kuufanya mgumu. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, na usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba, kwa kuwa gundi hiyo ikikutana na pamba hupata moto mkali.

Bawaba iking'oka na kipande chake

Hili ndilo lililomkuta mama wa vitenge. Njia zilizopo ni tatu.

Ya kwanza ni kiraka. Kata sehemu iliyobomoka kwa patasi iwe mraba safi, kina kama milimita 10. Chonga kipande cha mbao ngumu au plaiwudi kinachoingia kwa kubana, kipake gundi, kibane usiku kucha, kisha funga bawaba juu yake. Kumbuka gundi nyeupe haishiki kwenye ule uso wa plastiki unaong'aa. Lazima ifike kwenye chipubodi yenyewe.

Ya pili ni boliti. Toboa ubao utokee upande wa pili, pitisha boliti nyembamba, weka washa pana kisha nati. Kichwa cha boliti kitaonekana nje, na si kila mtu anapenda. Lakini mzigo haubebwi tena na meno ya skrubu, unabebwa na unene wote wa ubao. Kwa kabati la jikoni au la stoo, hakuna njia imara kuliko hii.

Ya tatu ni kuhamisha bawaba juu au chini, kwenye ubao mzima. Kwa bawaba za kawaida ni kazi ya dakika chache. Kwa zile zenye kikombe kinachozama mlangoni, unahitaji biti ya milimita 35, na hiyo ni afadhali umpelekee fundi.

Mama yetu alitumia kiraka cha mninga kwa mlango wa kati na vigingi kwa milango mingine miwili. Bapa la nyuma likabadilishwa na kipande cha plaiwudi nyembamba, kikapigiliwa misumari midogo pande zote nne. Mwisho, kabati likafungwa ukutani kwa kipande cha chuma cha pembe, ili lisije likamwangukia mtoto anayepanda kwenye droo. Hili la mwisho lisipuuzwe na mwenye watoto, hata kama kabati lake halina kasoro.

Yasiyofaa

Kuna tiba za haraka ambazo huongeza ugonjwa. Kupiga msumari mahali pa skrubu ni mojawapo. Msumari hupasua tabaka la katikati na hauwezi kutoka bila kubomoa. Kuweka skrubu ndefu zaidi nako hudanganya, kwani usoni mwa ubao wa milimita 16 itatokea nje na kuchana nguo. Skrubu nene kidogo, yenye meno mapana, inaweza kusaidia, lakini mara moja tu.

Fisha za plastiki ni za ukuta. Kazi yake ni kutanuka, na chipubodi ikitanuliwa ukingoni hupasuka. Keekee ya umeme pia isitumike kukazia. Hukaza kupita kiasi kabla mkono haujahisi lolote. Bisibisi ya mkono hukueleza wakati skrubu imefika, na ikifika, acha.

Kabla hujapakia lori

Afadhali kuzuia kuliko kuziba. Ukitaka kulibomoa kabati kwa safari, andika kwa chaki au kalamu alama moja kwenye kila mbao mbili zinazokutana: A na A, B na B. Weka skrubu za kila kiungo peke yake kwenye bahasha au kitambaa, kwa sababu skrubu iliyorudi kwenye tundu si lake hujichimbia njia mpya. Mifuko ya plastiki usiitegemee. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2019, na hakuna sababu ya kugombana na mtu mpakani kwa ajili ya mfuko wa skrubu.

Ikiwa lori lina nafasi na kabati si kubwa mno, lisafirishe likiwa zima, likiwa tupu, limesimama na kufungwa. Libebwe kwa kushikwa chini, lisiburutwe. Kuburuta mita mbili kwenye saruji hutikisa viungo kuliko mwaka mzima wa matumizi. Chini yake weka vipande vya mbao, maji ya mvua yakiingia ndani ya lori yasiliguse.

Na unaporudisha skrubu, kuna ujuzi mdogo usiogharimu kitu. Iweke tundu lake, kisha izungushe kwanza kinyume, kama unayeifungua, taratibu. Utahisi ikidondoka kidogo. Hapo meno yake yamekutana na njia yake ya zamani. Sasa geuza, ukaze. Ukifanya hivyo, skrubu hairudii kuchimba na tundu huishi muda mrefu zaidi.

Kwa wanaouza na kununua

Mfanyabiashara anayenunua makabati yaliyotumika asitazame rangi na kioo tu. Afungue kila mlango na kuuinua kwa kidole. Ukicheza, tundu limelegea. Apapase kingo za chini kutafuta uvimbe. Atazame nyuma kama bapa lipo. Tundu lililolegea ni sababu ya kupunguza bei, si sababu ya kuacha mali. Uvimbe wa maji ndio wa kukimbia.

Hesabu za kodi nazo zinaelekea huko huko. Tangu Julai 2022 samani ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa katika kiwango cha asilimia 35 cha ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa vitu vinavyotoka nje ya Jumuiya, isipokuwa pale nchi iliporuhusiwa kutumia kiwango kingine. Na ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Kabati lililotengenezwa Uchina halipati nafuu hiyo kwa sababu tu limenunuliwa Mwanza. Kwa hiyo kabati ambalo tayari liko upande huu lina thamani kuliko linavyoonekana, na anayejua kuziba tundu anaijua thamani hiyo kabla ya muuzaji.

Mnunuzi yule wa jirani yetu alilijua hilo. Wiki chache baadaye alipita tena, akaliona kabati limesimama, milango imekutana sawasawa, akauliza kama linauzwa. Safari hii alitaja bei mara nne ya ile ya kwanza. Mama alimkaribisha chai, akamwambia kabati haliuzwi, ila kama anataka vitenge, vimo ndani, na achague mwenyewe.